Godoro la Roshani

London, 9 Januari 1989

Kaka Gandolfo,

Shikamoo. Mwaka umeanza kwa mvua na mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanihesabia kila ngazi ya nyumba hii. Krismasi nilikula kwa majirani: kuku mkavu, kabichi, na kofia ya karatasi kichwani. Tangu mume wangu Harold afariki hunialika mara moja kwa mwaka, siku hiyohiyo, halafu tunarudi kuwa watu wa habari ya asubuhi. Wewe ulikula na nani? Ulioka zile keki za tini za Mama, au meno bado yanakusumbua?

Najua utashangaa kupata barua yangu kabla ya Pasaka. Nimepata kazi, na safari hii si ya kufundisha. Kuna filamu ya kwetu, ya watoto wa uwanja mmoja wa Palermo, inaingizwa sauti za Kiingereza ili ionyeshwe huku, na mimi ndiye ninayeyageuza mazungumzo. Mapenzi, njaa na vita nilivimaliza kwa wiki mbili. Kilichonishinda ni matusi. Watoto hawa wanatukanana tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi ni mwaka wa thelathini na tatu sijatukanwa kwa lugha yangu.

Jana nilimsomea Bwana Pym, msimamizi wangu, lile tusi la baba mwenye pembe. Akauliza kama huyo baba ni mfugaji. Nikamweleza kwamba kwetu mume akisalitiwa na mkewe huota pembe, na kila mtu huziona isipokuwa yeye. Akasema, "Na mtoto wa miaka minane anayajua haya?" Nikamwambia hata wa miaka sita.

Wewe unafungua geti la shule kila asubuhi na kuufagia uwanja kila jioni. Niandikie wanavyotukanana. Andika yote, usione haya, sisi ni watu wazima.

Mdogo wako,
Ninfa


Roccasalvia, 2 Februari 1989

Mdogo wangu Ninfa,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku tisa. Mpeleka barua wetu amevunjika mguu, na huyu waliyetuletea kutoka mjini anatafuta watu kwa majina yaliyo kwenye bahasha. Alipita mtaa mzima akiulizia Gandolfo Mistretta, akaambiwa hapa hakuna mtu huyo. Mpaka Bi Pippina wa nyumba ya chini akaitazama stempu yenye malkia, akasema, "Aaa, kumbe unamtaka yule," akamwambia jina wanalonijua nalo. Basi ikafika.

Krismasi nilikula nyumbani. Keki sikuoka. Nilinunua moja, nikaikata vipande viwili kwa mazoea, kipande cha pili nikakila kesho yake.

Sasa matusi. Wiki nzima nimechuchumaa penye bomba la uwanjani nikijifanya natengeneza koki. Haya ni ya Jumanne, kati ya Turi wa mwokaji na Agatina wa fundi viatu, ambaye ana miaka saba:

"We kichwa beseni."

"Beseni lenyewe mama'ko ndo anaogea."

"Mama'ngu usimtaje."

"Simtaji, namsalimia tu. Mwambie pembe za baba'ko zimekwama mlangoni, aje amsukume."

"Asemaye ndiye!"

"Ndiye mara mia, na babu yako juu!"

Halafu wakagawana mkate. Agatina ndiye bingwa wetu. Ana kaka mpole, mkubwa wake kwa mwaka mmoja, na mtoto yeyote akimgusa yule kaka, Agatina humtukana yeye na marehemu zake wa vizazi vitatu. Mwalimu humpiga marufuku asubuhi, mchana ameshasahau.

Waambie hao Waingereza kwamba maneno yenyewe si kitu. Tusi linauma kwa sababu ya waliosimama pale wakalisikia.

Kaka yako,
Gandolfo


London, 18 Februari 1989

Kaka Gandolfo,

Shikamoo tena. Huku theluji imeanguka siku mbili na mabomba yameganda, nimekuwa nikiyeyusha barafu ili nipate chai. Paka wa jirani naye hataki kukanyaga theluji, amenikojolea mkeka wa mlangoni. Nacheka peke yangu ninapoandika. Barua yako nimeisoma mara nne.

Beseni na pembe vimeingia. Pembe nimezigeuza, nimeandika kwamba baba yake hulala bandani na mbwa kwa sababu kitandani kuna mgeni. Bwana Pym aliona haya mpaka masikio. Shida ni watoto wa hapa wanaotoa sauti. Wamefundishwa vizuri mno, wanatukana kama wanaomba chumvi mezani. Alhamisi niliwapandisha ngazi mbio mara tano, wakafika kwenye kipaza sauti wakihema na kuchukiana, na ndipo tusi likatoka kama tusi.

Sasa nina jambo moja la kukuuliza, na hilo ndilo limebaki peke yake. Karibu na mwisho wa filamu kundi la watoto linamzunguka mvulana mmoja ukutani. Dada yake mdogo yuko pale. Wanamtazama dada, wanangoja aseme yuko upande gani. Naye anafungua mdomo na kumtukana kaka yake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mdomo wake unaonekana wazi, lakini sauti ya siku ile iliharibika na kwenye mswada wameweka nukta tatu tu, maana mtoto aliambiwa aseme la kwao nyumbani. Hakuna anayekumbuka alisema nini. Natakiwa kulitunga mimi kabla ya mwisho wa Mei.

Unafikiri msichana mdogo angemwambiaje kaka yake, mbele za watu?

Ninfa


Roccasalvia, 21 Machi 1989

Mdogo wangu,

Juzi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Meza iliandaliwa uwanja wa kanisa kama kawaida, mikate ya maua, ya jua, ya ndege, na dengu kwa kila aliyepita. Nilikula nimesimama. Bi Pippina alinifungia sahani nyingine ya jioni, akasema anamwekea mtu asiye na mtu. Hana ubaya, ndivyo anavyoongea.

Assuntina Lo Presti amefiwa na mumewe. Nilienda kutoa pole. Amenenepa, macho ni yaleyale. Sikuwahi kukuandikia alichosema baba yake nilipopeleka posa mwaka ule, na sasa haina haja.

Nimekuandikia matusi mengine kumi na manne kwenye karatasi ya pili. La saba na la tisa ni ya Agatina, usiyaonyeshe kwa padri. La kumi na moja hutukanwa nalo mwenye miguu myembamba, hata Waingereza watalielewa.

Ile ya msichana na kaka yake sijaisikia hapa uwanjani. Nitaendelea kutega sikio.

Jino la nyuma linanipeleka Palermo mwezi ujao.

Gandolfo


London, 5 Aprili 1989

Kaka,

Shikamoo. Afya nzuri, goti lilelile. Asante kwa kumi na manne. Moja nililokuuliza halimo.

Unasema hujalisikia uwanjani, lakini mimi nilikuuliza unafikiri nini. Kama ni sisi utotoni, mimi sikumbuki tulikuwa tunaitana nini. Nimejaribu. Naukumbuka uwanja wa kanisa, naikumbuka roshani yetu na vyungu vya Mama vya mrehani, lakini maneno hayaji. Jumapili nilikaa jikoni nikaongea kwa sauti kwa lugha ya kwetu, nione kama nitajielewa. Niliacha baada ya muda kidogo. Nilijihisi mpweke zaidi kuliko nilipokuwa kimya.

Baba yake Assuntina alisema nini?

Ninfa


Roccasalvia, 19 Mei 1989

Mdogo wangu Ninfa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa nimekufa.

Nakueleza kwa utaratibu. Unamkumbuka binamu yetu aliyekwenda kwenye migodi ya Ubelgiji, ambaye naye alipewa jina la babu kama mimi. Gandolfo Mistretta, mtoto wa baba mkubwa. Hapa tulimwita Mbilikimo. Alifariki huko Aprili na watoto wake wakamleta azikwe kwao. Watoto wenyewe wamezaliwa Ubelgiji, hawajui desturi. Walipoenda kwa mzee Vito mchapaji kuandikisha tangazo la msiba, walimpa jina lililo kwenye pasipoti, basi. Chini yake hawakuweka Mbilikimo. Na mzee Vito sasa haoni vizuri wala haulizi.

Matangazo yakabandikwa Jumatatu, yenye mpaka mweusi, kila ukuta. Mimi nilikuwa Palermo kwa ajili ya jino, nyumba imefungwa. Siku ya kwanza watu walisoma wakapita, hakuna aliyemjua marehemu. Siku ya pili Bi Pippina akamkumbuka yule mpeleka barua wa Januari. Akaweka ndoo chini katikati ya barabara, akasema, "Jamani, huyu si wetu wa shule?"

Nikarudi Jumatano. Nashuka kwenye basi, jina langu liko ukutani. Nikadhani ni dawa ya jino inanichanganya macho. Napanda barabara yetu, wanawake wanafanya ishara ya msalaba na kurudi ndani. Nafika mlangoni kwangu, nakuta masufuria kumi na moja yamepangwa kwenye ngazi, supu, tambi, birika la kahawa, chakula cha wafiwa kama ilivyo desturi, na wanawake watano wamesimama hawajui wafanye nini. Walinipa mgongo, hawakuniona. Nilisimama nikasikiliza. Si vizuri, lakini wewe ungefanya nini?

"Sasa tunampa nani?"

"Hana mtu huyu. Tunawapa hewa?"

"Ana dada, yuko London."

"Dada gani? Wakati wa kumzika mama yao mlimwona?"

"Basi labda ndo yeye kaandikisha tangazo kwa simu. Si unaona hajaweka jina tunalomwita? Jina la mtu utaachaje kuliweka?"

"Anaona haya. Wa London huyo."

Nikakohoa. Bi Pippina akaniangushia kifuniko cha sufuria mguuni, akaniambia maneno ambayo kwa kweli yangekufaa kwenye filamu yako.

Kesho yake shuleni nilikuta walimu wamewasimamisha watoto kimya kwa ajili yangu. Agatina akavunja mstari akapiga kelele, "Si niliwaambia hajafa! Angekufa angesema!" Akanishika suruali, akaninong'oneza, "Ukifa tena tuambie mapema."

Masufuria niliyabeba mwenyewe mpaka walipofikia watoto wa Mbilikimo. Mazishi tulikuwa watu sita. Mtu aliyezaliwa hapa, amecheza hapa, amezikwa na watu sita kwa sababu tangazo lake halikusema ni nani.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri jambo moja, nami nitalisema waziwazi. Langu litaandikwa na nani? Mzee Vito anakubali kuweka tangazo la mtu kwenye droo akiwa bado hai, wengi hufanya hivyo. Lakini aandike ndugu wa karibu, na mimi nina wewe tu. Niandikie. Na uliweke jina langu, ili waje.

Unasema hukumbuki tulikuwa tunaitana nini. Sawa. Sitakukumbusha. Jina hilo uliandike mwenyewe au karatasi uiache tupu.

Gandolfo


London, 30 Mei 1989

Kaka yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za goti.

Nilikudanganya. Nimekumbuka kila siku.

Baba alikuwa vitani Afrika na tulikuwa tunalala godoro moja, kichwa chako huku, changu kule. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, mimi tisa. Asubuhi Mama alilianika godoro kwenye roshani, na roshani yetu ilitazama uwanja wa kanisa, kila mtoto akaona lile doa. Nikashuka. Wakanizunguka: "La nani lile? Sema, la nani?" Wewe ulikuwa penye bomba, unafunga uzi kwenye pia yako. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "La Gandolfo. Kikojozi ni yeye." Ukanitazama. Nilingoja useme. Uliokota pia yako ukaingia ndani, na hukusema, si kwao, si kwa Mama, na usiku wa pili na wa tatu na kiangazi kile chote godoro lilipoanikwa wakakuimbia, na mimi niliimba kwa sauti kuliko wote, kwa sababu niliogopa kwamba nikinyamaza wataangalia upya.

Alichosema baba yake Assuntina nadhani sasa nakijua. Alisema binti yake hataitwa mke wa Kikojozi. Nimekosea?

Mama alipofariki nilikuambia nimekosa tiketi. Tiketi nilikuwa nayo, Harold aliinunua. Nilijua tangazo lake litasema mama wa Kikojozi, nami nitatembea barabara ile yote nikilisoma kila ukuta. Nikabaki hapa. Hukuniuliza hata mara moja, kaka. Kama ungenitukana ningeweza kurudi.

Ile sentensi nimeiandika. Yule msichana wa filamu sasa anasema, "Godoro ni lake!" Bwana Pym aliuliza godoro gani, maana hakuna godoro popote kwenye filamu. Nikamwambia watoto pale uwanjani wanalijua. Mtoto wa kutoa sauti aliisema mara saba kwa hasira. Nikamwambia, sasa iseme kama mtu anayetaka kuirudisha kinywani. Mara ya nane ndiyo iliyobaki. Mdomo haulingani vizuri na maneno, lakini wameiacha.

Tangazo uliloniagiza hili hapa. Nimeliandika kwa herufi kubwa ili mzee Vito aone.

GANDOLFO MISTRETTA
anayejulikana kwa wote kama
KIKOJOZI
ametutoka.
Anatangaza kwa uchungu dada yake Ninfa,
ambaye godoro lilikuwa lake.

Nisamehe. Agosti kazi itakuwa imekwisha. Naomba ruhusa ya kuja.

Ninfa


Roccasalvia, 20 Juni 1989

Mdogo wangu Ninfa,

Marahaba. Shule imefungwa na makelele ya watoto yako barabarani, kimya cha uwanjani hakinipendezi. Jino halinisumbui tena. Barua yako niliisoma penye bomba, na baada ya kuisoma nilifungua maji nikanawa uso, kwa sababu Bi Pippina alikuwa dirishani.

Hukukosea kuhusu baba yake Assuntina. Ndivyo alivyosema, maneno yaleyale. Nililia mwaka ule. Nilikukasirikia pia, miaka mingi, usidhani mimi ni mtakatifu wa mbao. Ningeweza kusema, na kila mwaka uliopita ukafanya kusema kuwe kugumu zaidi. Lakini ulikuwa na miaka tisa, Baba hayupo, na ukilala ulitetemeka. Mimi nililala upande wenye maji, ningekosaje kujua ni la nani.

Tangazo nimelipeleka kwa mzee Vito, liko kwenye droo. Kabla ya kumpa, mstari wa mwisho niliukata kwa kalamu. Usikasirike. Godoro lilikuwa lako, sikatai. Jina ni langu. Nimelivaa miaka arobaini na saba, watoto wa shule hunipokea nalo kila asubuhi, na ndilo litakaloleta watu kunizika. Usije ukaniomba nikugawie sasa, nikiwa mzee.

Agosti njoo. Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa na godoro ni jipya. Agatina nimemwambia kuna mtu analipwa kwa kutukana, haamini, anataka kukuona.

Ila sitakuja kukupokea kituoni. Nyumba niliyohamia baada ya Mama kufariki huijui, kwa hiyo utashuka kwenye basi na itabidi uulize. Saa ile wanawake wote huwa nje wamekaa kwenye viti vyao. Usiwaulize Gandolfo Mistretta, watakwambia hapa hakuna mtu huyo. Uliza kwa jina ulilonipa, kwa sauti, wakusikie wote. Watainuka na kukuleta mpaka mlangoni.

Kaka yako,
Kikojozi